Kristo akiimbwa kwenye bustani ya burudani



Msimu huu wa Majilio huja na swali lake. Je, ni vyema Mkristo alipe kiingilio kwenda kusikiliza nyimbo za kuzaliwa kwa Bwana mahali palipojengwa kwa ajili ya michezo na starehe? Hapa nyumbani tunaulizana kila tunapoona bango la tamasha la kwaya hotelini au kwenye viwanja vya burudani. Ndugu zetu walioko Marekani nao huulizana wanapopanga kuwapeleka watoto Florida wakati wa likizo. Leo nitumie mfano wa huko Florida, maana ni tamasha kubwa, la miaka mingi, na lina somo hata kwa kanisa lisilo na umeme.

Mahali penyewe ni EPCOT, moja ya bustani nne za burudani za kampuni ya Disney zilizo karibu na mji wa Orlando. Katika majira ya Krismasi watu hukusanyika jioni kwenye ukumbi wa wazi ulio kando ya maji, na tamasha hurudiwa mara tatu usiku huohuo. Wanakwaya huingia kwa maandamano wamevaa majoho, mishumaa mikononi. Okestra ya wapigaji wapatao 50 huwapokea. Kisha mtu maarufu, mara nyingi mwigizaji wa filamu, husimama na kusoma habari za kuzaliwa kwa Yesu. Kila anapomaliza sehemu moja, kwaya huitikia kwa wimbo. Pembeni yupo mkalimani wa lugha ya ishara, ili viziwi nao wapate ujumbe. Inapofika Haleluya ya Handel, umati wote husimama.

Jambo hili halikuanza jana. Lilianza mwaka 1958 huko Disneyland, California. Bustani ya Florida ilipofunguliwa mwaka 1971 likapelekwa na huko, na mwaka 1994 likahamishiwa EPCOT. Wengi wa waimbaji hawalipwi. Ni wanafunzi wa kwaya za shule walioomba nafasi, pamoja na wafanyakazi wa kampuni yenyewe waliojitolea kuimba.

Sasa tusikilize pande mbili.

Upande wa kwanza unasema hapana. Bwana wetu alipindua meza za wavunja fedha hekaluni, na sisi tutawezaje kuufurahia wimbo wa Kristo uliozungukwa na maduka ya vinyago? Hoja hii ina uzito. Tiketi ya siku moja ya kuingia EPCOT wakati wa Krismasi ni zaidi ya dola 100 kwa mtu mzima. Ni kweli kwamba tamasha lenyewe halina tiketi yake, limo ndani ya kiingilio. Lakini anayetaka uhakika wa kiti hununua mlo wa mgahawani unaoambatana na nafasi ya kukaa, na asiyeweza hupanga foleni akitumaini. Ukisoma Yakobo sura ya 2, pale mtume anapowakemea wanaompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kule, moyo lazima ukuchome kidogo.

Upande wa pili unasema ndiyo. Paulo akiwa kifungoni aliwaandikia Wafilipi, sura ya 1, kuhusu watu waliomhubiri Kristo kwa nia zisizo safi. Angeweza kuwalaani. Badala yake alisema kwamba ikiwa Kristo anahubiriwa, yeye anafurahi. Katika umati ule wa EPCOT wapo watu ambao hawajakanyaga kanisani tangu walipobatizwa, na wapo wasiokuwa Wakristo kabisa. Walikuja kupanda magari ya michezo na kula, wakajikuta wamekaa chini ya nyota wakisikia habari za Mariamu, Yusufu, hori la ng'ombe na wachungaji. Nani kati yetu, kwa mikutano yetu yote ya injili, angewafikia watu hao?

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko bustani zote za burudani. Haleluya wanayoimba pale EPCOT, na ambayo kwaya zetu nyingi huijua kwa moyo, ni sehemu ya kazi ya Handel iitwayo Messiah. Haikuimbwa mara ya kwanza kanisani. Iliimbwa katika ukumbi wa muziki mjini Dublin, Ireland, Aprili 13, 1742. Jonathan Swift, aliyekuwa msimamizi mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, mwanzoni aligoma waimbaji wake wasishiriki. Mwaka uliofuata, ilipopelekwa London kwenye jumba la maigizo, wapo Wakristo waliopiga kelele kwamba maneno matakatifu hayapaswi kutoka mahali kama hapo.

Lakini angalia kilichotokea Dublin. Waandaaji waliwaomba wanawake wasivae magauni mapana ya wakati ule, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi wapate kukaa. Mapato yakagawanywa kwa hospitali mbili za wagonjwa maskini na kwa wafungwa wa madeni. Kwa fedha hizo, wafungwa 142 waliachiwa huru. Watu 142 walirudi kwa wake na watoto wao kwa sababu kwaya iliimba kwamba Masihi amekuja.

Hapo ndipo ninapopata jibu langu. Usiulize kwanza tamasha linafanyika wapi. Malaika wenyewe, katika Luka sura ya 2, hawakuimba hekaluni. Waliimba porini, usiku, kwa wachungaji waliokuwa zamu. Uliza kama habari ya Kristo imesemwa wazi. Uliza maskini yuko wapi wakati wimbo unaimbwa. Uliza nani atafunguliwa wimbo ukiisha.

Kwa swali la kwanza, kampuni ile ya burudani inastahili pongezi. Ingekuwa rahisi kwao kuimba juu ya theluji na zawadi peke yake, wasimkwaze mteja yeyote. Wao husoma: unabii, malaika kwa Mariamu, kuzaliwa, wachungaji, mamajusi, kwa mpangilio, na umati unanyamaza kusikiliza.

Na sisi je? Mpendwa, kumbuka ibada ya Krismasi iliyopita katika usharika wako. Luka 2 ilisomwa kwa dakika ngapi, na nani? Mara nyingi msomaji huitwa asubuhi hiyohiyo, hujikwaa kwenye jina la Kirenio, anaharakisha, anaketi. Halafu yanakuja matangazo, utambulisho wa wageni, mnada wa jogoo na mikungu ya ndizi, na mwanasiasa anayepewa kipaza sauti "asalimie kidogo". Tunatoka saa saba mchana tukikumbuka jogoo aliuzwa shilingi ngapi. Ni aibu ikiwa mwigizaji wa filamu anaisoma habari ya Bwana wetu kwa heshima kuliko sisi tulioitiwa kuitangaza.

Kwa swali la pili, tusiwanyoshee kidole wenye tiketi kabla hatujatazama viti vyetu. Vile vya mbele vyenye vitambaa vyeupe huwekewa nani? Mama anayeuza mboga sokoni akija na watoto wanne siku ya Krismasi, mhudumu wa zamu humwelekeza wapi? Na kiziwi wa mtaani kwenu, nani amemtafutia mkalimani? Wenzetu wa bustani wamelifikiria hilo. Makanisa mangapi yetu yamelifikiria?

Swali la tatu ni lako, wewe unayekwenda. Ukipata nafasi ya kuhudhuria tamasha la namna hiyo, la Florida au la ukumbi wa mjini kwenu, nenda bila kujilaumu. Kabla ya kutoka nyumbani, wasomee watoto Luka 2, ili wajue wanakwenda kusikiliza nini. Ukiwa pale, imba. Lakini usiihesabu jioni hiyo kuwa ndiyo ibada yako ya Krismasi. Kwenye tamasha wewe ni mtazamaji. Hakuna anayekuita kwa jina, hakuna meza ya Bwana, na kesho hakuna atakayeuliza mbona hukuonekana. Usharika wako, pamoja na kinanda chake kilichokatika sauti mbili, unakujua. Ukiugua watakuja.

Kisha fanya hesabu moja. Piga jumla ya ulichotumia siku hiyo: kiingilio, nauli, chakula. Sehemu ya kiasi hicho, hata kama ni ndogo, itafutie mtu wa kumfungua. Mahabusu zetu zina watu waliokosa dhamana au faini ndogo. Hospitali zetu zina akina mama walioruhusiwa kurudi nyumbani ila bili imewazuia. Wazee wa kanisa wanawajua, na ukiwauliza watakuonyesha. Kwaya ya Dublin iliwafungua watu 142. Familia moja inaweza kumfungua mmoja.

Wachungaji wa Bethlehemu waliposikia kwaya ile ya mbinguni hawakubaki wakilisifu tamasha. Waliondoka haraka wakamtafuta mtoto, wakamwona, wakawaambia wengine, ndipo wakarudi kwa kondoo wao wakimtukuza Mungu. Nasi tukitoka kwenye wimbo, tumtafute Yeye aliyeimbwa, na tukumbuke kwamba alisema tutamkuta kwa mwenye njaa, mgonjwa na mfungwa.

Mungu akubariki, akupe Majilio yenye utulivu na Krismasi yenye matunda. Amina.