Binti wa Mpui na Sherlock Holmes: Mnamcheka Nini Hasa?

Kuna binti mmoja wa Mpui, kule Rukwa kwenye barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga. Wiki iliyopita alitupia picha yake mtandaoni: kajifunika shuka kwa lile baridi la Ufipa, simu mkononi, anasoma Sherlock Holmes. Akaandika kwamba hiki ni kitabu cha tatu mwezi huu. Basi! Mchekeshaji mmoja mwenye wafuasi kibao akaibeba ile picha na kuongezea dongo, eti Sumbawanga wameacha ungo, sasa wanapaa kwa Kiingereza. Watu wakacheka mpaka basi. Wengine wakamwambia anajifanya Mzungu, asome vya kwetu.

Hilo la vya kwetu lina vituko vyake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipomleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na rafiki yake Najum pembeni, aliyewasoma Holmes na Watson alijua wametokea wapi. Mzimu wa Watu wa Kale kilichapwa 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi la 1957-58. Yaani hata hicho chetu kina damu ya Uingereza ndani yake. Halafu kumpata Bwana Msa bure kwenye simu ni shughuli, wakati Conan Doyle, aliyefariki 1930, hati miliki yake imeshaisha na anapakuliwa bila hata mia, ukiacha bando. Binti kasoma alichokipata.

Ila baya zaidi ni lile la ungo. Kitabu chenyewe ni The Hound of the Baskervilles, cha 1902. Tajiri anakufa karibu na nyika yenye ukungu, majirani wanasema ni laana ya ukoo, kuna jimbwa la kuzimu. Holmes anauliza: nani anafaidika na kifo hiki? Mwisho wa siku anapatikana binadamu mwenye tamaa ya mali (poleni kwa kuwamalizia utamu, kitabu kina zaidi ya miaka 120). Bwana Msa naye, maiti inakutwa mzimuni, lakini yeye anawachunguza watu.

Sasa hiyo ndiyo ya kuchekwa? Kwenye nchi ambayo bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni amewahi kukatwa mapanga kwa sababu tu mtoto wa jirani kaugua? Kijana anayeuliza "nani analitaka lile shamba?" kabla ya kusema "kalogwa" anaweza kuokoa bibi wa mtu. Na jina Sumbawanga kwa Kifipa husemwa maana yake ni tupa uchawi. Tupa! Nchi nzima imeligeuza kinyume ili ipate utani.

Mchekeshaji kaifuta posti yake kimyakimya, radhi hajaomba. Binti hajamjibu. Juzi kaandika tu kwamba chaji ilimkatikia usiku, zikiwa zimebaki sura mbili.