Miujiza ipo, tusiitafute kwa kukanyagana



Nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana huku kwetu Mkoa wa Mara, nalo ni miujiza.

Wasomaji wengi wanafahamu kuwa Marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezikwa kijijini kwake Butiama mwezi Oktoba 1999, anafanyiwa utaratibu wa Kanisa Katoliki wa kumtangaza kuwa mtakatifu. Kazi hiyo ilianzia katika Jimbo la Musoma, na tangu mwaka 2005 anaitwa Mtumishi wa Mungu. Ili mtu afikie daraja la Mwenye Heri, Kanisa hutaka uthibitisho wa muujiza uliopatikana kwa maombezi yake, na mwingine tena kabla hajaitwa Mtakatifu. Ndiyo sababu ukikaa na watu, iwe stendi ya Bunda au kwenye mialo ya Musoma, hukosi kumsikia mmoja akiuliza: "Sasa muujiza wa Mwalimu uko wapi?"

Mimi si padri wala si daktari, na kazi ya kuthibitisha nawaachia wanaohusika. Lakini swali hilo linaonyesha kuwa wengi wetu tunadhani muujiza ni lazima uwe kiwete kutupa magongo yake mbele ya umati. Jambo lisilo na kishindo hatulihesabu.

Nitatoa mfano. Mwaka 1968 ulianza katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Mara ikiwemo, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na Unesco. Mwaka 1970 Mwalimu akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mimi nilikuwa mmoja wa waliofundisha madarasa ya jioni huku Bunda katika miaka hiyo ya sabini. Wanafunzi wangu walikuwa wakulima wa pamba, watu waliozoea jembe, na kalamu iliwaponyoka vidoleni. Alikuwepo mama mmoja ambaye kwa miaka mingi barua za mwanawe alisomewa na majirani, hata siri zake zote zikawa za kijiji kizima. Siku aliyosoma barua mwenyewe, herufi kwa herufi hadi mwisho, aliikunja, akasema, "Mungu amenifungua macho." Darasa zima lilinyamaza. Ilipofika mwaka 1986, takwimu zilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima nchini walijua kusoma na kuandika. Mama yule hakuhitaji kamati ya kumwambia jambo lililompata linaitwaje.

Najua wapo watakaosema kuwa hiyo ilikuwa kazi ya mwalimu na chaki. Ni kweli. Lakini mwenye imani haoni ugomvi hapo. Mkulima hulima, hupanda na kupalilia, na mvua ikinyesha hushukuru. Inasimuliwa kuwa Wazanaki walimpa mtoto wa Chifu Nyerere Burito jina la Kambarage, pepo wa mvua, kwa sababu mvua ilinyesha siku aliyozaliwa. Wazee wale hawakuwa wamebatizwa, lakini waliitazama mvua wakatambua kuwa kuna aliye mkubwa kuliko wao. Naye Mwislamu anayeamka mzima na kusema alhamdulillahi anakiri jambo hilo hilo.

Hatari iliyopo ni kwamba mtu asiyeuona muujiza ulio mlangoni kwake huwa tayari kuufuata wowote anaotangaziwa kwa vipaza sauti. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika ibada walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Siwalaumu marehemu wale, maana umaskini na maradhi humsukuma mtu. Nawalaumu wote wanaowafundisha wananchi kuwa Mungu yupo mahali pamoja tu, kwa saa moja tu, na atakayechelewa atakosa.

Hali kadhalika, tuuangalie utaratibu wenyewe wa Kanisa. Inapodaiwa kuwa mgonjwa amepona kwa muujiza, huitwa madaktari wachunguze vyeti na vipimo, waseme kama kupona huko kunaelezeka kitaalamu. Kanisa haliogopi vipimo. Basi anayemwambia mgonjwa wa kifua kikuu au wa kisukari atupe dawa ili aonyeshe imani, huyo anafundisha kitu kingine kabisa. Mwalimu mwenyewe, mtu wa misa na sala, alipougua saratani ya damu alitibiwa hospitalini jijini London, na huko ndiko alikofariki Oktoba 14, 1999.

Watanzania waliomba sana apone, na hakupona. Asiye na imani atasema sala zile zilipotea bure. Mimi nakumbuka kuwa nchi yenye makabila zaidi ya 120, Wakristo, Waislamu na wa dini za jadi, ilimlilia mzee mmoja kwa lugha moja, ikamzika, kisha kila mtu akarudi shambani au kazini kwake kwa amani. Wakati huo zilikuwa hazijapita hata miaka sita tangu mauaji ya mwaka 1994 kwa jirani zetu Rwanda. Kwa vile tumeizoea amani hiyo, tunaiona ni jambo la kawaida.

Ushauri wangu kwa ndugu zangu waumini wa dini zote ni huu. Kila jioni tuhesabu tuliyopewa: mvuvi aliyerudi salama kutoka ziwani, mama aliyejifungua salama mikononi mwa mkunga wa zahanati, mtoto aliyeamka bila homa. Tukishayahesabu, tushukuru kwa vitendo. Tumsaidie mkunga yule apate maji na taa, tumpeleke mtoto yule shule, tumjulie hali jirani anayeumwa. Muujiza ukishatambuliwa ni deni, na deni hulipwa kwa wenzetu.

Mwalimu Mstaafu,
Bunda, Mara.