Siri ina umri: majalada ya 1976 yafunguliwe

Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi Ofisi ya Rais aliyesimamia masuala ya usalama, naye aliachia ngazi, na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga wakafuata. Hakuna kati yao aliyedaiwa kumpiga mtu kwa mkono wake. Walibeba dhamana ya kilichofanywa na maofisa wa polisi na wa Usalama wa Taifa mwaka uliotangulia katika nchi ya Wasukuma. Maofisa hao walipewa kazi ya kukomesha mauaji ya vikongwe na ya watu waliotuhumiwa uchawi. Wakakamata wananchi, wakawatesa ili waseme, na baadhi ya waliokamatwa wakafia mikononi mwa dola. Baadaye baadhi ya maofisa hao walishtakiwa na kufungwa. Ni kurasa chungu za historia yetu, na pia ni kurasa zinazoonyesha kwamba dola ya Tanzania iliwahi kukiri kosa mbele ya watu wake.

Tatizo ni kwamba tumebakiza nusu ya simulizi. Kila tukio hilo linapokumbukwa hutajwa uungwana wa waziri aliyejiuzulu na baadaye, mwaka 1985, akawa Rais. Waliokufa hukaa pembeni. Hatujiulizi amri zilipitaje kutoka ofisi moja hadi nyingine, nani alionya asisikilizwe, na idara ilijifunza nini. Hoja yangu ni hii: nyaraka za Usalama wa Taifa zilizotimiza miaka 30 zipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, zichujwe kwa utaratibu wa kisheria, kisha wananchi wazisome, tukianzia na majalada ya Mwanza na Shinyanga ya 1976. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 tayari imeukubali msingi wa miaka 30 kwa nyaraka za umma. Siri ya serikali ina umri kama kitu kingine chochote, na ikishatimiza umri wake inakuwa urithi wa wananchi wote.

Tukumbuke idara ya Usalama wa Taifa ilikotoka. Kabla ya Uhuru kazi ya ukachero wa kisiasa ilifanywa na Special Branch, tawi la polisi wa mkoloni. Kanda ya Ziwa ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoikosesha serikali hiyo usingizi. Paul Bomani na wenzake walikuwa wakiwaunganisha wakulima wa pamba katika vyama vya ushirika, na TANU ilikatazwa kufanya kazi Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958. Mambo hayo yameandikwa kwa kina kwa sababu mafaili ya watawala yalikuja kufunguliwa, wanazuoni wakayasoma. Matokeo yake ni ya ajabu. Mtoto wa Magu anaweza kujua mkuu wa wilaya Mwingereza aliandika nini kuhusu babu yake mwaka 1955, lakini hawezi kujua ofisa wa serikali yake mwenyewe aliandika nini kuhusu baba yake mwaka 1976. Tumemkabidhi mkoloni uwazi, sisi tukajibakizia giza.

Sisemi kwamba idara hiyo haikuwa na kazi. Emilio Mzena, Mwafrika wa kwanza kuiongoza, alikabidhiwa taifa changa lenye maadui wa kweli. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na serikali ikalazimika kuomba msaada wa Waingereza. Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Mwanza yenyewe ilishambuliwa na ndege za Idi Amin mwaka 1972. Mwaka 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Nchi iliyowahifadhi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika isingesalimika bila watu waliokesha kimyakimya. Lakini giza lililowafunika watesaji wa 1976 ndilo lililowafunika pia mashujaa hao. Maofisa waliookoa maisha ya wageni wetu wa ukombozi wanazeeka na kufa bila wajukuu wao kujua walichofanya. Kufungua majalada kutawaaibisha wachache na kuwapa heshima wengi.

Kuna sababu nyingine, nayo inahusu utendaji wa ujasusi wenyewe. Vifaa vyovyote vinavyonunuliwa, taarifa bora hutoka kwa mwananchi anayeona mgeni asiyeeleweka kijijini na kuamua kusema. Anasema akiamini kwamba anayemwambia hatamgeuka. Mateso ya 1976 yaliivunja imani hiyo, na hayakuleta hata matunda yaliyokusudiwa, maana mauaji ya vikongwe yaliendelea kwa miongo kadhaa. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Shinyanga na Tabora walianzisha Sungusungu. Walipiga mwano, yaani yowe la hatari, wakafuata nyayo za ng'ombe walioibwa, wakawahukumu wezi wao wenyewe, na ulinzi huo ukaenea hadi Mwanza. Sungusungu nao walitenda maovu, na wizi wa mifugo ulikuwa na sababu nyingi. Hata hivyo kuzaliwa kwao kunatueleza jambo: watu wasipoitegemea dola kwa usalama wao hujitafutia usalama mwingine, na taarifa walizo nazo hubaki kwao.

Wapo watakaosema kwamba kufungua majalada ni kumpa adui ramani ya nyumba. Hofu hiyo ina uzito, na ndiyo maana nazungumzia nyaraka za miaka 30 na zaidi, tena zilizochujwa. Jina la mtoa habari linaweza kufutwa. Mbinu ambayo bado inatumika inaweza kubaki imefungwa. Uingereza, iliyoturithisha desturi ya kuikana idara ya ujasusi hadharani, ilizitambua idara zake kisheria mwaka 1989 na 1994. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau iliilazimisha kukiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni huko Hanslope Park. Miaka miwili baadaye ilikubali kuwalipa fidia Wakenya zaidi ya 5,000 walioteswa. Ujasusi wa Uingereza haukuanguka kwa hilo.

Na kama mtu atasema Ulaya si Afrika, tutazame majirani. Uganda, nchi iliyopitia State Research Bureau, idara ya ujasusi ya Amin, iliunda mwaka 1986 tume ya uchunguzi chini ya Jaji Arthur Oder, na watu walisimama hadharani kueleza yaliyowapata. Kenya ilivifungua kwa umma vyumba vya mateso vya Nyayo House, na mahakama zake zikaiamuru serikali kuwafidia waathirika. Hakuna nchi kati ya hizo iliyokamilisha kazi hiyo, na zote mbili bado zina malalamiko mazito kuhusu vyombo vyao vya usalama. Lakini majirani zetu wameshathubutu kutaja yaliyotokea, na idara zao za ujasusi zipo na zinafanya kazi.

Pingamizi la pili ni la amani: kwa nini tutoneshe vidonda vya wazee? Jibu ni kwamba vidonda havijapona, vimefunikwa tu, na chini ya kifuniko uvumi ndio unaoota. Mwaka 1996 Imran Kombe, aliyekuwa mkuu wa Usalama wa Taifa hadi mwaka mmoja kabla, aliuawa kwa risasi za polisi mkoani Kilimanjaro. Polisi walisema walidhani ni mwizi wa gari. Kesi ilisikilizwa, askari wakahukumiwa, na bado watu wanabishana vijiweni hadi leo. Katika miaka ya karibuni tumezoea maneno "watu wasiojulikana", na kila mtu anapotoweka kidole cha kwanza huelekezwa kwa Usalama wa Taifa, iwe kweli au si kweli. Idara isiyo na historia iliyoandikwa haina cha kujitetea nacho. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na idara inayoficha hata ya nusu karne iliyopita haiwezi kuzaa imani kwa kizazi kipya.

Wengine watanikumbusha kwamba sheria ipo. Ni kweli. Idara ilifanya kazi tangu Uhuru bila sheria yake yenyewe hadi Bunge lilipoitunga mwaka 1996, miaka 20 baada ya yale ya Mwanza na Shinyanga. Sheria hiyo ilitamka jambo la maana sana, kwamba si kazi ya idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu anaandamana kihalali au anapinga. Kisha mwaka 2023 Bunge likairekebisha, likaiweka idara moja kwa moja chini ya Rais na kupanua kinga ya maofisa wake. Kinga inaweza kuwa na sababu zake. Lakini mbunge anayeombwa kumkinga ofisa dhidi ya mashtaka anapaswa kuwa na kumbukumbu za 1976 mezani, ajue ni nini hutokea ofisa anapoamini hataulizwa. Sheria inayotungwa bila kumbukumbu humwachia kila waziri mpya nafasi ya kurudia kosa la zamani akidhani ni la kwanza.

Hapa Kisesa, kwenye makumbusho ya Bujora yaliyoanzishwa na Padri David Clement, vimehifadhiwa vigoda na ngoma za watemi, machifu wa Wasukuma. Zamani vitu hivyo vilikaa ndani kwa mtemi, vikiguswa na wachache waliokabidhiwa. Leo mwanafunzi wa darasa la nne anasimama mbele yake na kusoma vilitumika vipi, na heshima ya watemi haijapungua kwa hilo. Majalada ya 1976 yanastahili kupita njia hiyohiyo. Siku yatakapofunguliwa, jambo la kwanza liwe kusomwa kwa majina ya waliokufa, hadharani, Mwanza na Shinyanga, wakiwepo watoto wao ambao sasa nao ni wazee.