Nani Aliisambaza?

Hapa Kihanga kila mkutano wa wazazi unasema simu inawaharibu watoto. Basi nani alisambaza picha ya yule binti wa kipaimara akiwa mjamzito? Mimi niliipata kwenye kundi la WhatsApp la wazee wa usharika, chini yake imeandikwa “tumwombee”. Ule ni umbea uliovaa kanzu. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi shuleni. Sisi tumemfungia nyumbani, maana hata sokoni picha imemtangulia. Yesu alipotaja jiwe la kusagia, hakuwa akiwaonya watoto. Vijana wanaotukanana mtandaoni wamejifunza kwetu. Mzee mwenzangu, kabla hujamnyang'anya mwanao simu, futa ile picha katika simu yako, kisha twende nyumbani kwao binti tukaombe radhi.