MAONI: Vijana, kuunda programu si kazi, kazi ni kuitunza pamoja

MIAKA mitatu iliyopita, sisi marafiki wanne tuliundia chama cha akina mama mtaani kwetu programu ndogo ya kuweka rekodi za michango na mikopo. Ilifanya kazi sawasawa. Tulipewa chai na mandazi, nasi tukaanza kujiita mainjinia.

Baada ya miezi kadhaa ikaanza kukosea hesabu ya riba. Kila mmoja wetu alikuwa na nakala yake kwenye laptopu: moja iliitwa "mpya", nyingine "mpya kabisa", nyingine "ya mwisho haki ya Mungu". Tulikuwa tukitumiana faili kwa WhatsApp. Aliyeandika sehemu ya riba alikuwa ameenda Qatar kutafuta riziki, na hakuna aliyejua kwa nini aliiandika vile. Mweka hazina akarudia daftari lake. "Mwanangu," aliniambia, "hili halijawahi kunisumbua hivi."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ametushinda kitaalamu. Daftari lake lina tarehe, kiasi na sahihi. Kosa likitokea, unafungua kurasa za nyuma unaona lilianzia wapi. Yeye akiondoka, mwingine analipokea na kazi inaendelea. Sisi tulikuwa na programu, lakini hatukuwa na daftari la programu.

Daftari hilo lipo, tena ni la bure. Linaitwa Git. Kila unapobadilisha msimbo, Git huhifadhi kilichobadilika, aliyekibadilisha, siku na maelezo mafupi aliyoandika. Ukiharibu, unarudi pale palipokuwa salama. Wawili wakigusa mstari mmoja kwa njia tofauti, inawasimamisha mpaka waamue la nani libaki. Na usiseme huna bando: kazi kubwa unaifanya bila intaneti, unatuma ukipata mtandao.

Historia yake yenyewe ina funzo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuiandika Aprili 2005, baada ya kikosi chake kupoteza ruhusa ya kutumia bila malipo chombo walichokitegemea, BitKeeper. Kufikia Julai mwaka huo huo alikuwa ameshamkabidhi Junio Hamano usimamizi wa Git, na Hamano anaisimamia hadi leo. Aliyeanzisha aliondoka mapema, kazi haikufa.

Kando ya Git, majukwaa kama GitHub hukupa orodha ya hitilafu: kila moja ina nambari, anayeishughulikia, na mazungumzo yake yote pamoja. Pia mwenzako anaweza kukagua marekebisho yako kabla hayajaingia. Kwenye WhatsApp, hitilafu iliyoripotiwa Jumatatu huwa imezikwa na vichekesho kufikia Jumatano.

Najua kuna watakaosema, "Sisi ni wanne tu, tutaongea." Hata sisi tulisema hivyo. Aliye Qatar humpati saa unayomtaka, na hata ukimpata, amesahau.

Lakini pia tusidanganyane kwamba chombo chenyewe kinatosha. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba xz, programu ndogo ya kubana data inayopatikana kwenye mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imetiwa mlango wa siri. Iliyotunza kwa miaka mingi ni bega la mtu mmoja wa kujitolea, aliyekuwa amechoka. Mtu aliyeficha utambulisho wake alijitokeza "kumsaidia", akajenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akapenyeza uovu wake. Mhandisi Andres Freund ndiye aliyeushtukia, alipoona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Vyombo vilikuwepo vyote. Kilichokosekana ni wenzake wa kweli wa kugawana mzigo.

Ndiyo maana nawalaumu kidogo majaji wa mashindano yetu ya ubunifu. Tunapigiwa makofi kwa kuunda kitu kwa siku mbili, na hakuna anayeuliza nani atakirekebisha mwaka ujao. Waulize: je, mgeni akifungua kazi hii leo, anaweza kuielewa na kuitengeneza? Walimu wetu nao watufundishe kukarabati msimbo wa wengine, si kuandika wetu tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Programu ya chama tumeianza upya, safari hii ndani ya Git. Yule wa Qatar hukagua marekebisho yetu usiku akitoka zamu. Mweka hazina bado analo daftari lake kwenye mkoba. Amesema ataliweka kando tukimaliza mwaka mzima bila kumkosea hata shilingi. Ni haki yake.