Umeme ukikatika: Usinunue sanduku kwa macho!

Leo nakupa siri yangu, ila usinicheke.

Mwezi uliopita nilipokea mchezo. Badala ya kununua viatu, nikaenda zangu Kariakoo kununua lile sanduku la betri lenye soketi, maana kwetu Sinza umeme ukikatika, kurudi ni majaliwa. Juu limeandikwa wati 500. Nikajisemea, wati mia tano si haba!

Haikupita wiki, umeme ukakatika saa mbili usiku. Mimi huyoo! TV, feni, taa, raha mustarehe, majirani wananionea gere. Mdogo wangu wa kidato cha nne yuko mezani anapiga hesabu, kesho yake ana mtihani wa moko. Saa nne kasoro, puu! Giza. Dogo akamalizia maswali yake kwa mshumaa. Niliona haya, acha tu.

Kosa langu ni kwamba nilisoma wati nikaacha Wh, yaani wati-saa. Wati ni upana wa bomba, Wh ni ukubwa wa ndoo. Ndoo yangu ilikuwa Wh 240 tu. Sasa yuniti moja ya LUKU ni Wh 1,000. Kwa hiyo pesa yote ile nimebeba robo yuniti, nayo haikutimia!

Wewe kabla hujatoa noti, piga hesabu. TV wati 60, feni 50, taa 10, jumla 120. Zidisha kwa saa unazotaka, tuseme 4, unapata Wh 480. Sanduku lenyewe nalo hula kidogo, hivyo tafuta la Wh 600. Uliza na aina ya betri. Zile za LiFePO4 huchajiwa mara 2,000 na zaidi, wakati nyingine huanza kuchoka kwenye mara 500 hivi. Birika la umeme sahau, peke yake laweza kutaka wati 2,000.

Mfuko ukigoma, fanya kama mimi siku hizi. Umeme ukikatika nazima TV na feni, nabakiza taa. Sanduku lile lile linafika usiku wa manane na chaji inabaki. Dogo anasoma, mimi tamthilia nasimuliwa asubuhi na mama mwenye nyumba.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda na umeme ukiwepo!