Kila Gunia Liwe na Mche wa Mbegu
Na Zuhura Atieno

Ukitafuta maua ya kupamba mlango wako hapa Olympic, Kibera, wauza miche watakupa bogonvilia, ambayo asili yake ni Amerika Kusini, au lantana, mgeni mwingine kutoka Amerika aliyegeuka kuwa gugu. Sina ugomvi na bogonvilia. Ila hailiwi. Kwa mpangaji ambaye shamba lake lote ni gunia moja nje ya mlango, ua lisiloliwa ni anasa, na ndiyo maana mimi naipigia debe mitoo, mboga ya kienyeji.

Mitoo huchanua maua ya manjano kama jua la Januari, na kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na maharagwe, mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Saga, mboga nyingine ya kienyeji, nayo hutoa maua meupe yenye nyuzi ndefu, yanayofunguka jioni. Nyuki wanayajua yote mawili. Hii ndiyo bustani ya maua ya kienyeji, nasi tunaichuma kabla haijachanua.

Magunia yenyewe si mageni kwetu. Baada ya ghasia za uchaguzi, mwaka 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités International lilianza kuyaeneza Kibera na Mathare. Unachanganya udongo na samadi, unasimamisha mkebe usio na kitako katikati ya gunia na kuujaza kokoto, kisha unauvuta juu kadiri udongo unavyopanda. Hubaki nguzo ya mawe inayopitisha maji hadi chini, na miche huchomekwa juu na ubavuni. Wengi walipanda sukuma wiki, na hawakukosea: haina haraka ya kuchanua, unachuma miezi na miezi. Saga haina subira hiyo. Mkulima huikata vichwa vya maua ili iendelee kutoa majani, na kila kichwa kikikatwa, mbegu imekwenda. Msimu ukija tunarudi dukani kununua pakiti.

Visingizio vya kutojiwekea mbegu vimepungua. Sheria ya mbegu ya 2012 ilimtishia mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos ilivibatilisha vifungu hivyo, baada ya wakulima wadogo kwenda kortini. Sidhani kuna askari aliyewahi kupekua gunia hapa Kibera akitafuta mbegu za managu, mboga yetu nyingine ya kienyeji, lakini hofu haihitaji askari.

Ombi langu ni dogo: katika kila gunia, mche mmoja usiguswe. Na uwe ule bora. Kawaida yetu ni kuchuma iliyonona na kuiachia mbegu ile dhaifu iliyobaki, kisha tunashangaa kwa nini kila mwaka mboga inazidi kuwa na majani madogo. Funga uzi mwekundu kwenye mche wenye majani mapana, unaochelewa kuchanua, na uwaonye watoto.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT, ambaye utotoni alidhurika na maziwa, mayai na samaki akalelewa kwa mboga za kienyeji, ametumia miaka mingi kuzitetea mboga hizi zilizoitwa chakula cha maskini. Leo ziko kwenye rafu za supamaketi. Ushindi huo ni wake na wenzake, lakini rafu haitoi mbegu.

Maji najua ni kero, mtungi unanunuliwa. Yaliyosuuza mboga na mchele yanatosha kumwagia kokoto. Ya mtaroni hapana, hata kiangazi kikikaza vipi. Majani haya tunayala.

Managu ikiiva, kamua vitunda ndani ya maji, osha mpaka utelezi uishe, anika kivulini. Mitoo na saga subiri maganda yakauke, lakini vuna saga kabla hayajapasuka, maana mbegu zitamwagika kwa jirani. Tena mbegu mpya ya saga hulala miezi kadhaa: ya Januari usiipande na masika ya Machi ukalalamika haioti. Ihifadhi kwenye chupa kavu hadi vuli ya Oktoba.